Sarafu ya Kale Iliyochakaa, na Jinsi ya Kuitambua

Wasomaji wetu wa Ngara na Biharamulo, twapenda kuwapa somo juu ya jambo dogo ambalo laweza kumpata mtu yeyote alimaye shamba, achimbaye msingi wa nyumba, au achotaye mchanga mtoni. Jembe hugonga kitu. Mwenye jembe huinama, akaokota kipande cha duara kilicholiwa na kutu, kizito kuliko changarawe. Akikifuta kwa kidole huona kitu kama kichwa cha mtu, na herufi mbili tatu zisizosomeka. Kabla ya jua kuchwa kijiji kizima kimekwisha pata habari. Mmoja husema ni fedha ya Mjerumani. Wa pili husema ni ya Warumi, wale wa zamani za Injili, maana aliona picha kama hiyo kitabuni. Wa tatu husema anamjua mtu mjini anunuaye vitu hivyo kwa mamilioni.

Hapo ndipo lilipo jambo letu. Sarafu yaweza kulala ardhini miaka mingi na bado ikabaki na maneno ya kutuambia. Lakini siku moja tu mikononi mwa watu wenye haraka yatosha kuinyamazisha kabisa. Mmoja ataisugua kwa mchanga na ndimu ili ing'ae, na pamoja na kutu ataziondoa herufi za mwisho zilizosalia. Mwingine ataiuza bila kuandika ilipotoka. Na wengine watarudi usiku na masururu kulichimba shamba la mwenzao, wakitafuta sanduku ambalo halipo. Kwa hiyo twataka kuonyesha njia ya kuitambua sarafu iliyochakaa, hatua kwa hatua, ili mwalimu, mzee wa kijiji au mkulima ajuaye kusoma aweze kuifuata kwa macho yake, pamoja na rula, mizani na taa.

KWA NINI SARAFU NI KITU CHA NADRA KATIKA NCHI HII

Yatupasa kwanza kukumbuka kwamba babu zetu walifanya biashara karne nyingi bila sarafu. Simbi, yaani kauri kutoka pwani, zilitumika kama fedha huko Karagwe na Buhaya. Majembe yaliyofuliwa na Warongo, mafundi wa chuma wa Uzinza, yalikuwa mali ya kununulia na kutolea mahari. Na aliyekuwa na ng'ombe ndiye aliyehesabiwa tajiri. Wasafiri Speke na Grant walipopita nchi ya Usui mwaka 1861, katika milki ya mtawala Suwarora, ambayo ni sehemu za Biharamulo, hongo waliyotozwa ilikuwa nguo na nyaya za shaba.

Sarafu zilianza kuenea baadaye. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, waliweka kituo chao Bukoba mwaka 1890, na mwaka 1898 kodi ya nyumba ikaanza kutozwa katika koloni lao. Tangu hapo rupia ikawa haja ya watu wengi, na si mapambo tu. Vita vilipoingia, majeshi ya Wabelgiji yalishuka kutoka upande wa Ruanda, yakaishika Biharamulo mwezi wa Juni 1916, na fedha za Kongo zikaja pamoja nao. Halafu wakaja Waingereza na shilingi na senti zao.

Tumeyaeleza haya kwa sababu kubwa. Mtu akiokota sarafu Bugufi, Bushubi au Rusubi, kwanza na aikisie kuwa moja katika hizo zilizoletwa kwa kodi, kwa vita na kwa biashara ya miaka mia na zaidi kidogo iliyopita. Sarafu ya Kirumi katika nchi hii ingekuwa ajabu kubwa. Ajabu haikatazwi kutokea. Lakini kadiri jambo lilivyo la ajabu, ndivyo ushahidi wake unavyotakiwa kuwa madhubuti zaidi.

HATUA YA KWANZA: MAHALI

Kabla ya kuitazama sarafu, tazama mahali ilipolala. Ilikuwa chini ya udongo kwa kina gani: kidole kimoja, shubiri, au dhiraa? Ilikuwa katika udongo uliokwisha limwa mara nyingi, au chini ya sakafu ya nyumba ya kale, au katika jivu la tanuru? Palikuwa na nini karibu yake: vigae, shanga, vipande vya chuma, mifupa? Andika yote siku ile ile, pamoja na jina la kijiji, kitongoji na shamba, na umbali kutoka kitu kisichohama, kama jabali au daraja. Chora ramani ndogo na kuweka alama.

Faida yake ni hii. Tuseme heller ya Wajerumani yenye mwaka 1908 imekutwa chini ya sakafu ya udongo ambayo haijapata kuvunjwa. Hapo twajua kwa hakika kwamba sakafu ile haikutandazwa kabla ya mwaka 1908, maana kitu hakiwezi kufunikwa kabla hakijatengenezwa. Lakini hatuwezi kusema kwamba ilitandazwa mwaka ule ule, kwa sababu sarafu huweza kuzunguka mikononi mwa watu miaka mingi kabla ya kupotea. Hivyo sarafu yenye thamani ndogo sokoni yaweza kutupa tarehe ya nyumba nzima. Ikiondolewa bila maandishi, hubaki kipande cha shaba tu.

HATUA YA PILI: KUPIMA BILA KUSUGUA

Usiisugue sarafu kwa mchanga, majivu, ndimu, siki wala dawa ya meno. Rangi ya kijani au kahawia inayoifunika shaba ya kale mara nyingi ndiyo ngozi yake, na ndani ya ngozi hiyo ndimo ilimobaki chapa. Udongo ulio laini waweza kuondolewa kwa kijiti cha mti laini, polepole, bila kukwaruza. Ukiona udongo umeshikamana sana, uache.

Kisha pima upana wake kwa rula, kwa milimita. Ipime uzito kwa mizani ya sonara au nyingine ipimayo gramu. Isogeze karibu na sumaku. Dhahabu, fedha na shaba hazivutwi na sumaku. Kipande kikivutwa, mara nyingi kina chuma au nikeli ndani yake, au ni chuma chenyewe kilichopakwa rangi. Andika vipimo hivyo vitatu kabla hujaanza kubahatisha jina.

HATUA YA TATU: UMBO NA UKINGO

Ishike sarafu kwa ukingo, uizungushe. Sarafu zilizopigwa kwa mashine za miaka ya karibuni ni duara kamili, unene wake ni sawa kote, na pembeni zina ukuta mdogo ulioinuka kuilinda picha. Nyingi za fedha zina mistari midogo midogo kandokando.

Sarafu za Warumi zilipigwa kwa mkono. Kipande cha madini kiliwekwa juu ya chapa iliyokazwa, chapa ya pili ikawekwa juu yake, kisha fundi akapiga kwa nyundo. Kwa hiyo sarafu ya namna hiyo mara nyingi si duara barabara. Upande mmoja ni mnene kuliko mwingine, picha imesogea pembeni, na baadhi ya herufi zimeanguka nje ya madini. Tena kwa kawaida haina tarakimu ya kuonyesha thamani yake. Mtu akikuletea duara kamili lenye mistari pembeni na kusema ni la zamani za Kaisari Augusto, jua kwamba ama amekosea ama anataka kukukosesha.

HATUA YA NNE: MWANGA WA UBAVUNI

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi hawaijui, nayo haina gharama. Sarafu iliyochakaa ukiitazama chini ya jua la adhuhuri huioni chochote, kwa sababu mwanga unaanguka juu yake wima na kufuta vivuli vyote. Ingoje jioni. Iweke juu ya meza katika chumba chenye giza, kisha ulete taa au tochi ubavuni, karibu sawa na uso wa meza. Kila kilichoinuka, hata kwa unene wa unywele, kitatupa kivuli. Izungushe sarafu polepole huku taa ikiwa mahali pale pale. Mstari usioonekana upande mmoja utatokea upande mwingine.

Chukua karatasi, chora duara kubwa, na kila herufi unayoiona uiandike mahali pake katika duara, kulia au kushoto kwa kichwa, juu au chini. Palipofutika weka nukta. Usiandike herufi unayodhani ingefaa kuwapo, andika unayoiona. Mwite mwingine afanye vivyo hivyo bila kuiona karatasi yako, kisha mlinganishe. Herufi zinazokubaliana katika karatasi mbili zina nguvu kuliko maoni ya watu kumi waliosikilizana.

HATUA YA TANO: HERUFI, NA KOSA LILILO RAHISI

Sasa tufikie mahali ambapo hata watu wenye elimu hujikwaa. Rupia ya fedha ya Wajerumani ina kichwa cha mfalme wao Wilhelm II aliyevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Pembezoni pameandikwa kwa Kilatini: GUILELMUS II IMPERATOR. Kilatini ni lugha ya Warumi, na imperator ni neno walilowaitia watawala wao wakuu. Basi rupia hiyo ikichakaa hata jina likapotea, ikabaki kofia ya chuma, tai na herufi IMPER, nani asingedhani kwamba amemshika Kaisari wa Rumi?

Lakini tukifuata hatua zetu hatupotei. Rupia nzima ina upana wa milimita 30 na uzito wa gramu 11 na zaidi ya nusu, sawa na rupia ya Kihindi. Ni duara kamili. Upande wa pili, kwa zile za Kampuni ya Kijerumani zilizoanza mwaka 1890, mna simba na mnazi. Na kwa zile za Serikali zilizoanza mwaka 1904, mna maneno DEUTSCH OSTAFRIKA na thamani yake ndani ya shada. Tarakimu ya thamani peke yake yatosha kutuondolea Rumi.

Tena senti na shilingi za Waingereza nazo ziliandikwa Kilatini. Jina la Mfalme George liliandikwa GEORGIVS, herufi V ikiwekwa mahali pa U kwa kufuata desturi ya kale, na mbele yake REX, maana yake mfalme. Kwa hiyo Kilatini si ushahidi wa Warumi.

Zifuatazo ni alama za sarafu ambazo mtu wa Ngara au Biharamulo aweza kukutana nazo zaidi. Heller ya shaba ya Wajerumani ina taji na mwaka upande mmoja, na thamani ndani ya shada upande wa pili. Heller moja ina upana wa milimita 20. Chini yake hutokea herufi moja ndogo: A ni Berlin, J ni Hamburg. Wajerumani walipozingirwa na manowari za Waingereza wakakosa kuletewa fedha, walipiga sarafu zao wenyewe Tabora mwaka 1916, katika karakana ya reli, na herufi yake ni T. Heller 20 za Tabora zilipigwa kwa shaba nyekundu na kwa shaba ya manjano, na kazi yake ni ya harakaharaka, hata mtu aweza kuzidhani za kale sana. Senti za Waingereza zenye tundu katikati zina pembe za ndovu zinazolizunguka tundu. Sarafu za Kongo ya Wabelgiji za nikeli nazo zina tundu, lakini upande mmoja zina nyota. Tundu na nyota ni Kongo. Tundu na pembe ni Mwingereza. Tundu na taji ni Mjerumani.

SARAFU YA KIRUMI YA MAJIMBONI HUONEKANAJE

Wasomaji watauliza: na ikiwa kweli si hizo? Tueleze basi alama za sarafu za Warumi, hasa zile zilizopigwa katika majimbo yao ya mashariki, maana ndizo zilizokuwa karibu zaidi na Afrika yetu.

Warumi waliitwaa Misri mwaka 30 kabla ya Kristo. Lakini hawakuiondoa desturi ya fedha waliyoikuta. Mji wa Iskandaria uliendelea kupiga sarafu zake wenyewe zaidi ya miaka 300, hata mwisho wa karne ya 3, na maandishi yake hayakuwa ya Kilatini bali ya Kiyunani. Sarafu hizo ni za shaba, au za fedha iliyochanganywa na shaba nyingi. Zikichakaa huwa nyeusi au kahawia. Ni nene kwa upana wake. Upande mmoja una kichwa cha Kaisari, chenye shada la majani au taji ya miali kama ya jua. Upande wa pili huweza kuwa na tai, au mungu wao Serapi mwenye kipimo cha nafaka kichwani, au sura ya mto Nile kama mzee mwenye ndevu.

Mwalimu aweza kuzitafuta herufi KAI, ambazo ni mwanzo wa neno Kaisari kwa Kiyunani. Neno hilo ndilo lililokuja kwetu katika Biblia, na ndilo hilo hilo ambalo Wajerumani walimwitia mfalme wao. Alama nyingine ni herufi iliyo kama L upande wa pili wa sarafu. Si herufi ya kusoma. Ni alama ya mwaka. Mbele yake pana herufi zinazosimama badala ya tarakimu, kwa kuwa Wayunani walihesabu kwa herufi: A ni 1, B ni 2, Γ ni 3, na I ni 10. Hivyo L IB ni mwaka wa 12 wa kutawala kwa Kaisari yule. Wataalamu hulitambua jina la Kaisari kwa sura yake, kwa mwaka wake na kwa herufi chache zilizosalia, wakilinganisha na sarafu nzima ya namna ile ile iliyomo katika orodha zao. Mwenye kutawala miaka 3 tu hawezi kuwa mwenye sarafu ya mwaka wa 12. Hivyo hata alama ndogo huwaondoa wengi na kuwabakiza wachache.

SARAFU ZILIZOPOTEZA MAHALI, NA SARAFU ZILIZOHIFADHI MAHALI

Kuitambua sarafu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua ilifikaje. Tutatoa mifano miwili ya kweli.

Kabla ya Vita Kuu ya 1914, ofisa mmoja Mwingereza, Kapteni Haywood, alifika Bur Gao, iliyoitwa pia Port Durnford, katika pwani ambayo leo ni ya Somalia kusini. Alieleza kwamba alipata huko sarafu nyingi za kale. Miaka ikapita kabla wataalamu hawajaziona. Maelezo yake yalichapishwa London mwaka 1932 na Harold Mattingly wa British Museum. Zilikuwamo za wafalme wa Misri waliotangulia Warumi, za Makaisari wa Rumi, na nyingine za watawala wa Kiislamu wa Misri waliokuja karne nyingi baadaye. Wengine walifurahi sana, wakaona kwamba biashara ya Warumi katika pwani yetu imepata shahidi. Lakini Neville Chittick, mchimbuzi wa Kilwa, alipoichunguza pwani hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960 alitia shaka, maana hakuyaona makao ya zamani hizo. Tena fungu moja lililochanganya zamani nyingi kiasi hicho lafanana na mkusanyo wa mtu kuliko akiba iliyozikwa mara moja. Sarafu zenyewe ni za kweli. Kilichokosekana ni daftari la siku ile: zilikuwa kina gani, pamoja na nini, katika udongo upi.

Wala hatusemi kwamba wafanya biashara wa Misri hawakufika pwani yetu. Kitabu cha baharia mmoja wa karne ya 1, kiitwacho Periplo wa Bahari ya Eritrea, chautaja mji wa Rhapta, bandari ya mwisho ya pwani hiyo. Chataja na bidhaa zilizoletwa: mikuki, mashoka, visu, masasi ya kutobolea, na vitu vya kioo. Sarafu hazimo katika orodha ya bidhaa hizo. Kumbe hata pwani kwenyewe biashara yaweza kuwa ilipita bila fedha za kuhesabu, kama hongo ya Suwarora ilivyopita bara.

Mfano wa pili ni wa Kilwa yetu. Mwaka 1944 askari wa anga wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa mchangani katika kisiwa cha Marchinbar, visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Hakuzijua. Akaziweka koponi, na mwaka 1979 akazipeleka zitambuliwe. Nne zilikuwa za Waholanzi. Tano zilikuwa za shaba kutoka Kilwa. Sarafu za shaba za Kilwa zina majina ya masultani kwa herufi za Kiarabu, na maneno ya pande zake mbili yana vina kama shairi, hazina mwaka. Namna zilivyofika mbali kiasi hicho ni jambo linalobishaniwa na wataalamu. Lakini Isenberg alikuwa amefanya jambo moja la busara: alikuwa na ramani, akatia alama ya X mahali alipoziokota. Kwa ajili ya alama hiyo, karibu miaka 70 baadaye, mwaka 2013, wataalamu walioongozwa na Ian McIntosh waliweza kurudi kisiwani na kupatafuta pale pale.

Mtazame tofauti yao. Fungu la kwanza lilikuwa kubwa na lenye majina ya Makaisari, lakini ushahidi wake unasitasita. La pili lilikuwa sarafu tisa za thamani ndogo, lakini alama moja ya kalamu imeliwezesha kuendelea kuchunguzwa.

JUU YA MALI YA MJERUMANI

Hatuwezi kumaliza bila kusema juu ya uvumi wa mali ya Mjerumani. Katika nchi yetu wako watu wanaoamini kwamba Wajerumani walipokimbia mwaka 1916 walizika masanduku ya dhahabu karibu na maboma, makaburi na miti mikubwa. Kwa imani hiyo makaburi yamefukuliwa na kuta za kale zimebomolewa, na walaghai wamewauzia watu ramani za uongo na sarafu za uongo.

Ni kweli kwamba dhahabu ilipigwa sarafu Tabora mwaka 1916. Ilikuwa ya rupia 15, yenye picha ya ndovu, uzito wake gramu 7 na kidogo, na zilipigwa zipatazo 16,000 tu. Kwa kuwa ni chache na bei yake ni kubwa, waigaji nao ni wengi. Mtu akikuuzia moja kwa siri, gizani, na kukuhimiza ulipe kabla ya kuche, mpe jibu moja: tuipime mchana kwa sonara. Mwenye mali ya haki haogopi mizani.

Hata lile boma la Wajerumani lililoko Biharamulo, hazina yake ni kuta zake zinazoonekana na kila mtu. Atakayechimba chini yake kwa kutafuta dhahabu ataangusha alichokuwa nacho kwa kutamani asichokuwa nacho.

LINALOPASA KUTENDWA

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yavilinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863. Aokotaye kitu cha namna hiyo yampasa kutoa habari kwa wakuu, wala hana ruhusa ya kukichimbua au kukipeleka nje ya nchi bila kibali. Basi sarafu ya Kirumi, au ya Kilwa, imo ndani ya sheria hiyo. Heller na rupia za Wajerumani ni za baadaye. Hata hivyo habari za mahali zilipookotwa zafaa kuandikwa vile vile, kwa sababu ni historia ya kodi, ya vita na ya masoko ya wazee wetu wenyewe.

Mwenye kuokota na aiweke sarafu katika karatasi kavu, peke yake, isigongane na nyingine. Aandike habari zote tulizozitaja. Kisha aende kwa mwenyekiti wa kijiji, na pamoja naye wapeleke habari kwa Afisa Utamaduni wa Wilaya, ambaye aweza kuwaandikia wataalamu wa Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa. Picha nzuri mbili zilizopigwa kwa mwanga wa ubavuni, rula ikiwa kando, zitatosha kwa mwanzo.

Na walimu twawapa zoezi. Chukueni sarafu kuukuu yoyote iliyopatikana nyumbani, hata senti ya tundu. Wapeni wanafunzi waipime, waichore kwa mwanga wa taa, waandike herufi wanazoziona na kuweka nukta palipofutika, kisha waeleze kwa hoja ni ya nani. Atakayesema “sijui, lakini nimeona hivi na hivi” apewe alama kuliko atakayetaja jina kubwa bila sababu.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema juu ya duka na mazizi, lakini neno hilo lafaa pia kwa kipande cha shaba kilichokutwa shambani. Siku jembe litakapogonga kitu, ewe msomaji wetu, itafute kalamu kabla ya kuitafuta ndimu.